Kuhesabu Viboko Waliozama: Habari ya Kupima J/psi

Katika siku ya wazazi muhula uliopita, Chama cha Fizikia cha shule yetu kilitandaza karatasi kubwa juu ya meza mbili za maabara. Juu yake palikuwa na mchoro wa nguzo nyingi nyembamba, zimesimama bega kwa bega kama mabua ya mahindi, na mahali palipoandikwa 3.1 nguzo zilipanda ghafula zikazipita nyingine zote. Wazazi wengi walipita, wakasema, "Vizuri, vizuri," wakaenda zao kutazama kuku wa Chama cha Kilimo. Sikuwalaumu. Kuku walikuwa wazuri kweli.

Mzee mmoja alibaki. Huyu ni baba wa msichana wa Kidato cha Tatu, na kabla ya kustaafu alikuwa askari wa wanyama pori. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hii ndiyo kazi inayomweka binti yangu hapa kila Jumamosi mpaka jioni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hiki mlichokipima kiko wapi?"

Nikamwambia ya kuwa hakipo tena. Kilitokea huko Ulaya mwaka 2010, kikatoweka papo hapo.

"Nani alikiona?"

"Hakuna aliyekiona, Mzee."

Akaitazama karatasi tena, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, sisi tulipohesabu viboko katika mto Katuma tuliwaona kwa macho. Ninyi mnahesabu kitu kisichoonekana. Basi mna tofauti gani na mpiga ramli?" Akaongeza kwamba mtihani wa binti yake ni mwakani, na kwamba alama zake za Kemia hazikuwa za kupendeza; kama kazi hii ni mchezo tu, afadhali Jumamosi asome Kemia.

Siku ile sikumjibu vema, maana wageni walikuwa wengi na mimi mwenyewe nilishikwa na haya. Nimeyafikiri maneno yake muda mrefu, na makala haya ndiyo jibu langu. Nayaandika kwa wote, kwa sababu nadhani wako wazazi wengine waliojiuliza swali hilo hilo wakatunyamazia kwa adabu.

Nianze na kitu chenyewe. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili ajua ya kuwa kiini cha atomu kina protoni ndani yake. Protoni nayo si punje ngumu kama punje ya mtama. Ndani yake mna vitu vidogo zaidi viitwavyo kwaki. Kwaki zote zilizomo katika vitu tunavyovishika, yaani jiwe, maji, ugali na miili yetu, ni za aina mbili nyepesi. Walakini ziko aina nyingine nzito, ambazo hazikai katika vitu vya kawaida. Hizo hupatikana pale chembe, kama vile protoni mbili, zinapogongana kwa nguvu kubwa mno, na nishati ya mgongano ikageuka kuwa kitu. Mbili kati yake zatuhusu leo: moja huitwa chamu, na nyingine, nzito zaidi, huitwa botomu.

Kwaki nzito haizaliwi peke yake. Huzaliwa pamoja na kinyume chake, kama mapacha. Mara nyingi mapacha hao huachana hapo hapo, kila mmoja akaenda njia yake. Lakini mara chache hushikamana, wakazungukana kwa muda mfupi usioelezeka. Chamu ikishikamana na kinyume chake tunapata chembe iitwayo J/psi, ambayo husomwa "jei-sai". Botomu ikishikamana na kinyume chake tunapata nyingine iitwayo upsiloni.

Jina hili la J/psi lina majina mawili kwa sababu lina wagunduzi wawili. Mwezi wa Novemba 1974, huko Marekani, makundi mawili yaliigundua chembe ile ile karibu wakati mmoja. Kundi la Samuel Ting huko Brookhaven lilikuwa likizipiga protoni kwenye kipande cha madini ya berili, nalo likaiita J. Kundi la Burton Richter huko Stanford lilikuwa likigonganisha elektroni na kinyume chake, nalo likaiita psi. Hakuna aliyekubali kuacha jina lake, basi yakabaki yote mawili, na mwaka 1976 mabwana hao wawili wakagawana Tuzo ya Nobel.

J/psi ina uzito upatao mara 3.3 ya uzito wa protoni. Wataalamu hupima uzito wa vitu hivi kwa kipimo kiandikwacho GeV. Protoni ni 0.94, J/psi ni 3.10, na upsiloni ni 9.46. Kumbuka hiyo 3.10, kwa maana ndiyo nguzo ndefu aliyoiona Mzee katika karatasi yetu. Maisha ya J/psi hayafiki hata sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya sekunde. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba hapana chombo kitakachoiona. Hupasuka kabla haijasogea hata upana wa atomu moja.

Sasa twaja kwenye jambo la kwanza: kitu kilichokwisha kupasuka hupimwaje?

Mara nyingi J/psi hupasuka kuwa takataka nyingi zisizosaidia, ila kama mara 6 katika 100 hupasuka kuwa muoni mbili, moja yenye umeme chanya na moja yenye umeme hasi. Muoni ni ndugu wa elektroni, lakini ni nzito mara 207. Wala muoni si mgeni hapa Mpanda. Juu sana angani, chembe zitokazo mbali huigonga hewa, na katika mabaki ya migongano hiyo hutoka muoni zinazotunyeshea usiku na mchana, mvua na kiangazi. Ukinyosha kiganja chako, yapata muoni moja hupita ndani yake kila sekunde, na wewe huna habari. Hupenya bati, hupenya ukuta, hupenya mwili.

Sifa hiyo ya kupenya ndiyo inayotufaa. Huko Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iko taasisi ya mataifa mengi iitwayo CERN. Chini ya ardhi, kiasi cha mita 100, wamechimba handaki la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27, na ndani yake protoni hukimbizwa kwa pande mbili zikakutana uso kwa uso. Mashine hiyo iliwashwa Septemba 2008, ikaharibika baada ya siku 9 tu kwa hitilafu ya umeme, ikatengenezwa kwa zaidi ya mwaka, na tarehe 30 Machi 2010 ikaanza kazi kwa nishati ambayo haijapata kufikiwa kabla yake.

Mahali protoni zinapokutana vimejengwa vyombo vikubwa. Kimoja chaitwa CMS, nacho kina uzito wa tani 14,000. Ndani yake mna sumaku kubwa, na nje ya sumaku mna tabaka nene za chuma. Takataka nyingine zote za mgongano hukwama njiani. Kitu kinachotokea ng'ambo ya chuma hicho kwa kawaida ni muoni, maana hakuna mwingine awezaye kufika. Sumaku huipinda njia ya muoni: yenye nishati kidogo hupinda sana, yenye nishati nyingi hupinda kidogo. Basi ukiupima mpindo, umeijua nishati.

Ukishazijua nishati za muoni mbili na pembe iliyo baina yao, unaweza kuupata uzito wa mama yao. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne waweza kuifanya hesabu hii kwa kitabu cha majedwali. Tuseme muoni mbili zimetoka zikiwa na nishati sawa, GeV 5 kila moja, na pembe baina yao ni nyuzi 36. Chukua nusu ya pembe, yaani nyuzi 18. Sini ya nyuzi 18 ni 0.309. Zidisha kwa 5, kisha kwa 2, utapata 3.09. Mama yao yaelekea alikuwa J/psi. Kama pembe ingekuwa nyuzi 142, sini ya nyuzi 71 ni 0.9455, na jibu lingekuwa 9.46, ambayo ni upsiloni. (Muoni zisipokuwa na nishati sawa, kanuni huwa ndefu kidogo, iko katika daftari la Chama kwa atakaye.)

Kwa hiyo hatuioni J/psi, bali twawaona watoto wake wawili, na kwao twaujua uzito wake. Hapa Mzee angeweza kunikatiza akasema: "Mwalimu, muoni mbili zozote zaweza kukutana kwa bahati, mkasema ni ndugu." Na hilo ni kweli. Ndiyo maana mchoro una nguzo nyingi fupi kila mahali: hizo ni jozi za bahati, ambazo mama zao si wamoja. Jozi za bahati hutawanyika, nyingine 2.4, nyingine 2.9, nyingine 4.1, bila kupenda mahali pamoja. Lakini jozi zenye mama mmoja hurundikana mahali pale pale, 3.1, na hapo rundo linapanda juu ya nyingine.

Kazi ya Chama chetu ilikuwa hiyo. Tangu mwaka 2014 CERN imeweka baadhi ya vipimo vya CMS wazi kwa watu wote duniani, bila malipo. Miongoni mwake iko jedwali ya jozi 20,000 za muoni zilizokusanywa kwa ajili ya wanafunzi, zenye uzito kati ya GeV 2 na 5. Tuliipata, tukaigawa kwa makundi, tukaanza kupiga hesabu, sehemu kwa kompyuta na sehemu kwa mkono, maana umeme ulikatika Jumamosi mbili mfululizo na wasichana wakakataa kukaa bure.

Hapa yanipasa kukiri kosa. Kundi la kwanza lilipomaliza jozi zake 200 na kuzichora, tuliona kilima kidogo karibu na 2.6. Mimi mwalimu wao nilifurahi kupita kiasi. Niliwaambia wakipake rangi nyekundu, na katika ubao wa matangazo nikaandika kwa chaki ya rangi kwamba tumeona jambo geni. Makundi mengine yalipoleta jozi zao, kilima kile kilididimia siku hadi siku mpaka kikawa sawa na jirani zake. Kilikuwa bahati tu, kama mtu arushaye sarafu akapata kichwa mara tano. Nilifuta ubao jioni, watu walipokwisha kwenda, lakini binti wa Mzee aliniona.

Nilijifariji kwa habari ya Fermilab, maabara kubwa iliyo karibu na Chicago. Mwaka 1976 kundi la Leon Lederman lilitangaza kwamba limeona chembe mpya yenye uzito wa GeV 6, likaipa na jina, upsiloni. Walipokusanya vipimo vingi zaidi, chembe ile ikayeyuka, na wenzake wakamtania kwa mchezo wa maneno uliotokana na jina lake. Mwaka 1977 kundi lile lile likapata rundo la kweli penye 9.5, nalo likapewa jina lile lile lililokuwa limebaki bila mwenyewe. Hivyo ndivyo botomu ilivyojulikana.

Basi mpaka hapa tumekwisha kujua ya kuwa kitu kilikuwako na uzito wake ni huu. Lakini kuna swali kubwa zaidi, ambalo ndilo linalowaumiza vichwa wataalamu: zilizaliwa ngapi? Si ngapi tumeziona, bali ngapi zilizaliwa. Na katika swali hili ndipo nilipomkumbuka Mzee na viboko vyake. (Nasema wanyama, si vile vinavyokaa nyuma ya kabati la mwalimu wa nidhamu.)

Kila mtu wa hapa amepata kusimama katika daraja la Sitalike akawatazama viboko. Wakati wa kiangazi mto Katuma hukauka ukabaki vidimbwi vya matope, nao husongamana humo kwa mamia. Mzee alisema waliwahesabu kwa macho. Ni kweli, lakini waliona nini? Waliona migongo, na masikio, na pua. Kiboko aweza kukaa chini ya maji dakika 5 hivi. Mwingine yuko nyuma ya mwenzake. Mwingine amejificha nyuma ya matete, upande wa ukingo ambao askari hana njia ya kuufikia. Askari mwenye akili hasemi, "Nimeona 240, basi wako 240." Hujiuliza kwanza: katika viboko 10, kwa kawaida ni wangapi huwa juu ya maji kwa wakati mmoja? Ukingo nilioutazama ni sehemu gani ya mto mzima? Macho yangu jioni hii yanakosa wangapi? Kisha hupiga hesabu ya kurudi nyuma.

Na sisi ndivyo tufanyavyo. Tuseme zimezaliwa J/psi 10,000. Kwa kuwa ni 6 tu katika 100 zinazotoa muoni mbili, tutabaki na 600. Tuseme nusu ya hizo muoni zao zimekwenda mahali pasipo na chombo, au zilikuwa dhaifu zikakwama ndani ya chuma. Tunabaki na 300. Tuseme tena chombo hukamata 8 katika 10 zinazopita ndani yake. Tunabaki na 240. Mtu aonaye 240 hana budi kuzigawanya kwa 0.8, na kwa 0.5, na kwa 0.06, apate tena 10,000. Kila moja ya namba hizo tatu hupimwa kwa kazi yake yenyewe, na ukikosea moja, jibu lote limepotoka, hata kama ulihesabu zile 240 bila kosa hata moja.

Hiyo 0.8 hupatikanaje? Kwa njia moja ya werevu. Huchukua jozi ambazo muoni mmoja ametambuliwa barabara, na mwenzake lazima awepo kwa sababu uzito wa jozi ni 3.1, kisha huuliza kama chombo kilimtambua na yule wa pili au kilimkosa. Ni kama kumwambia mwenzako asimame ng'ambo ya mto ambako maji ni maangavu, aseme yuko kiboko mahali fulani, ndipo wewe wa upande huu useme kama ulimwona.

Iko na namba nyingine: migongano yenyewe ilikuwa mingapi? Protoni hazirushwi moja moja. Hukimbizwa kwa mafungu, na kila fungu lina protoni kama bilioni 100, lakini ni fungu jembamba kuliko unywele. Ili kujua mafungu mawili yanapishana kwa kiasi gani, husogezwa pembeni kidogo kidogo, huku wakitazama jinsi migongano inavyopungua mpaka ikome. Njia hii ilibuniwa na Simon van der Meer mwaka 1968, na hata sasa ndiyo itumikayo.

Jibu la mwisho huandikwa kwa kipimo cha eneo, kana kwamba protoni ni shabaha yenye upana fulani. Kipimo hicho huitwa bani, neno la Kiingereza lenye maana ya ghala la mkulima. Wamarekani walilichagua mwaka 1942 kwa mzaha, kwa kuwa kiini kikubwa cha atomu kwao kilikuwa shabaha kubwa kama ghala. Ghala hilo ni dogo sana hata hivyo: ukiligawanya sentimita moja ya mraba mara milioni moja, na kila kipande mara milioni tena, na tena, na tena, hicho ndicho bani moja.

Sasa nitoe namba ya kweli. Chombo kingine cha huko huko CERN, kiitwacho LHCb, kilipima J/psi katika migongano ya mwaka 2010, na matokeo yakachapishwa 2011. Waliziona zaidi ya nusu milioni. Baada ya kurudi nyuma kama nilivyoeleza, wakapata, kwa upande ule ambao chombo chao hutazama, sehemu 10.52 za milioni ya bani. Maana yake ni kwamba J/psi moja huzaliwa upande huo katika migongano 7,000 hivi.

Lakini tazama makosa waliyoyaandika kando ya namba hiyo, kwa maana mwanasayansi huandika makosa yake kabla hajaulizwa. Kosa litokanalo na kuhesabu kwenyewe lilikuwa 0.04 tu. Kosa la vyombo, na hasa la kutojua sawasawa wingi wa migongano, lilikuwa 1.40. Na liko kosa la tatu, peke yake: 1.64 kwa juu, 2.20 kwa chini. Hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika kutojua J/psi imegeukia upande gani inapopasuka. Chembe hii huzunguka kama pia, na mhimili wake ukilala hivi, muoni zake huenda mahali palipo na chombo. Ukilala vile, nyingi hupotea. Ni kama kiboko: akikugeukia uso waona masikio na macho, akikugeuzia mgongo waweza kumdhania jiwe. Kwa hiyo tatizo kubwa halikuwa katika zile nusu milioni walizoziona. Lilikuwa katika zile wasizoziona. Baadaye, mwaka 2013, upande huo wa kugeukia ulipimwa, ukaonekana kwamba J/psi hazipendelei upande wowote sana.

Habari hiyo haikuwapendeza wenye nadharia. Miaka ya 1990, huko Fermilab, walipopima ndugu mzito wa J/psi, mwenye uzito wa 3.69, walizikuta zinazaliwa zaidi ya mara 30 kuliko nadharia ya wakati ule ilivyosema. Fikiri mkulima aliyetazamia gunia 1 akavuna 30; si furaha tu, ni dalili kwamba hakujua shamba lake. Nadharia ilitengenezwa upya ikaupata wingi ule, lakini ikatabiri ya kuwa chembe zenye kasi kubwa zingegeukia upande mmoja kwa nguvu, nazo hazikugeuka hivyo. Jinsi kwaki mbili nzito zinavyoshikamana haijaelezwa kikamilifu mpaka leo, na sitaki mwanafunzi yeyote adhani kwamba yote yamekwisha kuandikwa vitabuni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mhesabuji lazima alichunguze: kiboko huyu ni wa bwawa hili, au amekuja kutoka bwawa jingine? J/psi nyingine hazizaliwi pale protoni zinapogongana. Huzaliwa kutoka chembe yenye botomu, ambayo huruka milimita kadhaa kabla ya kupasuka. Ukifuata njia za muoni mbili kurudi nyuma, ukaona zinakutana pembeni kidogo ya mahali pa mgongano, basi huyo ni mgeni. Ili kuutambua umbali huo mdogo, LHCb iliweka vipimio vyake milimita 8 tu kutoka mkondo wa protoni. Wageni walikuwa kama 1 katika 10, nao hawamo katika ile 10.52, walihesabiwa mbali.

Mtu wa Mpanda aweza bado kuuliza kwamba hayo ya Geneva yatuhusu nini. Nitajibu kwa risasi, yaani madini, si ya bunduki. Wazee wanakumbuka kwamba reli ya kutoka Kaliua mpaka hapa ilijengwa kwa ajili ya risasi ya Mpanda, na mabehewa yakaibeba katika miaka ya 1950 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960. Huko CERN, tangu Novemba 2010, mara kwa mara kwa majuma machache protoni hupumzishwa na badala yake hugonganishwa viini vya risasi. Risasi wanayoitumia ni miligramu chache kwa saa, si behewa. Katika migongano hiyo joto huwa kali hata protoni zenyewe huyeyuka zikawa mchuzi wa kwaki. Mwaka 1986 Matsui na Satz walisema kwamba katika mchuzi huo J/psi zingeyeyuka pia, kwa hiyo zingepungua. Lakini zimepungua kutoka ngapi? Huwezi kusema bila kujua kwanza ni ngapi huzaliwa katika protoni tupu, pasipo mchuzi. Hiyo 10.52 na wenzake ndiyo mawe ya mizani ambayo risasi hupimiwa.

Wala mlango haujafungwa kwa watu wa upande wetu. Mwaka 2016 Shule ya Afrika ya Fizikia, ambayo hukusanya wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka bara zima kujifunza mambo kama haya, ilifanyika Kigali, na Kigali ni karibu na Mpanda kuliko Mombasa ilivyo.

Mzee alikuja tena juma lililopita kulipa michango, nami nikampa makala haya ayasome kabla hayajapigwa chapa. Alisoma taratibu, ameshika miwani kwa mkono. Alipofika kwenye viboko alicheka, akasema tulisahau jambo moja: usiku viboko hutoka majini kwenda kula majani, na ukihesabu alfajiri mapema utakosa walio njiani kurudi. Nikaandika hilo katika daftari la Chama. Kisha akasema binti yake aje Jumamosi mbili kwa mwezi, na mbili nyingine asome Kemia, na kwamba atauona mtihani wa muhula huu kwanza.

Jedwali ya upsiloni, jozi nyingine 20,000, zenye uzito kati ya GeV 8 na 12, imekwisha kufika. Iko katika kabati la maabara, shubaka la pili, na makundi mawili bado hayana watu wa kutosha.